Msimamizi wa Ukaukaji

Shemeji yangu Délio Bettencourt hamwogopi Mungu, hamwogopi dada yangu aliyemuoa, wala haogopi mbwa wa wafugaji. Anaogopa namba moja. Ukitaka kumwona mwanamume wa kilo mia na kumi akitokwa jasho kwenye chumba chenye kiyoyozi, mwambie namba yake inakaribia moja kamili.

Niieleze mara moja tu, maana nimechoka kuulizwa. Kila mkandarasi wa zege hapa bondeni kwetu Turlock ana bima ya wafanyakazi, na kila mwaka anapewa namba kulingana na jinsi watu wake walivyoumia. Moja ni mtu wa kawaida. Ukiwa chini ya moja unapunguziwa ada, na wenye kazi kubwa wanakualika kwenye zabuni. Ukizidi moja, hata kwa unywele, hawapokei simu yako. Ya Délio ilikuwa sifuri nukta tisa sita. Aliiandika kwa wino mwekundu kwenye ubao wa ofisini, juu ya picha za wanawe, na wakandarasi wenzake walipokuja kunywa kahawa aliwaonyesha hiyo kwanza, watoto baadaye.

Mimi ni karani wake, mhasibu wake na mpika kahawa wake. Kila fomu ya bima iliyotoka kwenye ofisi ile kwa miaka kumi na minne nimeijaza kwa mkono wangu huu. Nasema hivyo mapema ili msije mkadhani nasimulia makosa ya watu wengine.

Mwezi wa tatu, Refugio Orozco aliumia goti. Huyu tunamwita Cuco, na ndiye fundi wetu wa kulainisha zege tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mpira wa pampu uliziba, hewa ikajaa, kisha ukaruka wenyewe na kumpiga ubavuni mwa goti la kushoto. Daktari wa kliniki akasema gegedu limechanika, lishonwe mapema, na kabla halijashonwa akaandika karatasi ya makatazo: asipige magoti, asichuchumae, asiiname, asipande ngazi, asinyanyue kitu kizito kuliko chupa ya maziwa. Fundi wa zege ukimwondolea hayo matano anabaki na kofia.

Mtu mwenye akili angesema, basi akae nyumbani, bima imlipe, ashonwe goti, arudi. Lakini sisi tulikuwa na wakala wetu wa bima, Bwana Harlan Toews, mtu mpole mwenye tai yenye picha za matrekta, ambaye kila Januari alituletea boksi la donati na mahubiri yale yale.

“Délio, sikiliza,” alituambia, sukari imemjaa kidevuni. “Mtu akikaa nyumbani, bima inaanza kumlipa siku zake, na hiyo ajali inakuwa kubwa. Namba yako inapaa. Mlete kazini. Mlipe wewe mwenyewe mshahara wake. Mpe kazi yoyote, hata kama ni kuhesabu nzi.”

“Na nzi wakiisha?” nilimuuliza.

“Hapa kwenu nzi hawaishi, mama,” akasema, na akachukua donati nyingine.

Msidhani Délio peke yake ndiye alifanya hivyo. Ukienda kwenye staftahi ya wakandarasi Jumanne ya kwanza ya mwezi, utawasikia wakijisifu. Mmoja alimpa majeruhi wake ufunguo wa choo cha kuhamishika, awe anakifungua na kukifunga. Mwingine, wa kule Los Banos, alikuwa na mtu aliyevunjika mkono akinyoosha misumari iliyopinda, na misumari ikiisha kunyooshwa usiku waliipinda tena. Wote wanacheka hadi mbavu ziwaume. Nilicheka na mimi.

Kwa hiyo Cuco akaletwa ofisini kwangu. Siku ya kwanza alipanga kalamu zangu kwa rangi. Ya pili akazipanga kwa urefu. Ya tatu alipima sakafu ya ofisi kwa macho, akatangaza kwamba kona ya kwenye printa imelala kidogo.

“Dada Lurdes, nani alimwaga hii?”

“Délio mwenyewe, kabla hujaajiriwa.”

“Inaonekana. Ukiweka chungwa hapa mlangoni, jioni unaliokota kwenye printa.”

“Kaka Cuco, nina mishahara ya watu kumi na tisa hapa. Kaa kimya uumie vizuri.”

“Nimekaa kimya siku tatu. Matako yanauma kuliko goti.”

Ijumaa nilimwambia Délio kwamba lazima mmoja wetu aondoke. Délio akafikiri, akakuna kidevu, na hapo ndipo alipopata wazo lililompendeza kuliko harusi yake.

Zege bichi lazima lilindwe. Mbwa wanapita, watoto wanaandika majina, ng'ombe akitoroka ndiyo basi tena. Kawaida anayemaliza kazi mwisho huliangalia huku akifunga vifaa. Délio akanunua kiti cha kukunja na mwavuli wa bustani, akamkalisha Cuco pembeni ya kila sakafu tuliyomwaga, aitazame mpaka ikauke. Fomu ilitaka jina la kazi. Nikatafuna kalamu kidogo, nikaandika: Msimamizi wa Ukaukaji. Nikaorodhesha na majukumu. Sikumbuki kama niliwahi kujivunia maandishi yangu kama siku ile.

Kampuni ya bima ikatuandikia barua ya pongezi. Kwa juhudi zetu za kumrejesha mfanyakazi kazini kwa heshima, walisema. Délio akaitia kwenye fremu.

Kila Ijumaa nilijaza fomu fupi. Je, mwajiri anayo kazi nyepesi inayomfaa mfanyakazi? Ndiyo. Je, mfanyakazi amekosa siku yoyote? Hapana. Wiki baada ya wiki, Ndiyo na Hapana, na namba ya Délio ikabaki pale pale juu ya picha za wanawe.

Mwezi wa tano jibu la operesheni likaja. Daktari wa Cuco alikuwa ameiomba. Ombi lilikwenda kwa daktari mwingine, wa jimbo lingine kabisa, ambaye kazi yake ni kusoma makaratasi ya watu asiowaona. Huyo akaikataa. Cuco aliniletea barua nimsomee vizuri, maana Kiingereza cha watu wa bima hata Waingereza kinawashinda.

“Wanasema operesheni si ya lazima,” nikamwambia.

“Kwa nini?”

Nikaisoma mara mbili nikitumaini nimekosea. “Wanasema umekwenda kazini kila siku bila kukosa hata moja. Mtu anayeweza kwenda kazini kila siku, goti lake linatosha.”

“Lakini nimekaa kwenye kiti.”

“Wao wanaona jina la kazi. Wanaona hukukosa.”

Alinyoosha mguu wake polepole, akaushika kwa mikono miwili juu ya goti kana kwamba utaondoka. “Dada, mimi sitaki hela yao. Nataka kupiga magoti. Nina miaka hamsini na minne, sijui kazi nyingine. Nikikaa hivi mwaka mmoja, nani ataniita fundi?”

Nilimwahidi kwamba tutakata rufaa, na tukakata. Ijumaa ile ile nilijaza fomu. Ndiyo. Hapana. Mnaweza kunicheka, mimi mwenyewe najicheka, lakini sikuona hata kidogo kwamba mkono unaoandika rufaa ndio unaoikataa.

Rufaa ilileta gari la kijivu. Lilianza kuonekana mwezi wa saba, likiegeshwa mbali kidogo na kila sakafu, na ndani yake kijana mnene mwenye miwani myeusi na kamera juu ya dashibodi. Kampuni ya bima ilikuwa imemtuma kuona kama Cuco anatudanganya. Eti alikuwa amejificha. Mafundi walimpungia mkono asubuhi na jioni. Lalo, anayeendesha mashine ya kulainisha, alikuwa akimpigia kelele: “Bosi, leo nikuonyeshe upande gani wa uso? Wa kushoto ndio mzuri!”

Délio alimwonya Cuco mbele yetu sote. “Sikiliza, Cuco. Ukiinama kuokota hata kofia, umekwisha. Hawatakushona hilo goti mpaka siku ya kiama.”

“Kofia ikianguka?”

“Iache ianguke. Nitakununulia nyingine.”

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi moja ya mwezi wa nane, kule Gustine, kwenye banda jipya la kukamulia la mfugaji mmoja. Nilikuwepo kwa sababu nilipeleka barafu na mikate yenye soseji za linguisa. Joto lilikuwa lile linalowafanya hata ng'ombe wakutazame kwa lawama. Gari la tatu la zege lilichelewa, mafundi wawili walikuwa wagonjwa, na sakafu ikaanza kukamata, yaani kuganda, kabla haijalainishwa. Zege likikamata hulibembelezi. Délio akavua shati, akachukua mbao mbili za kupigia magoti juu ya zege bichi, akaingia kati na mwiko mkononi kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

Na Cuco, kwenye kiti chini ya mwavuli, akawa mfalme. Hakugusa kitu. Alitazama tu ule mng'ao wa maji ukiondoka juu ya zege na kutoa amri.

“Lalo, bado! Bado, nimesema! Kona ya mlangoni, sasa! Sasa hivi! Délio, unapiga sakafu au unafuta meza?”

“Nyamaza, mwanaharamu wewe!” Délio alihema.

“Inua ncha ya mwiko. Inua! Bibi yangu analainisha unga vizuri kuliko hivyo.”

“Bibi yako amekufa!”

“Ndiyo, na bado anakushinda.”

Tulicheka wote, na kwa kweli ile saa ilikuwa nzuri. Nilimwona Cuco akiwa fundi tena, uso umemchangamka, na nikasahau lile gari la kijivu. Yeye hakulisahau. Lilikuwa limeegeshwa juani, hatua thelathini kutoka kwenye kiti chake, injini imezimwa na vioo vimefungwa ili mwenyewe asionekane.

Mlango wake ukafunguka. Yule kijana akatoka akipepesuka, uso mwekundu bila tone la jasho, akapita mbele ya gari lake mwenyewe hatua tatu, akaanguka kifudifudi kwenye kokoto.

Mafundi wote walikuwa katikati ya zege, juu ya mbao, hawawezi kutoka haraka. Mimi nilikuwa upande wa pili wa banda na ndoo ya barafu. Aliyekuwa karibu ni Cuco. Nilimwona akitazama yule mtu, kisha akaitazama kamera iliyobaki juu ya dashibodi, taa yake nyekundu inawaka. Alijua. Naapa alijua kabisa. Kisha akainuka, akaenda kwa zile hatua zake za kuvuta mguu, akapiga magoti yote mawili kwenye kokoto mbele ya kamera, akamgeuza yule mtu na kumlaza kichwa kwenye mapaja yake.

Nilipofika na barafu kijana alikuwa amefumbua macho. Aliyatazama magoti ya Cuco kwenye kokoto.

“Umepiga magoti,” akasema.

“Kunywa maji kwanza,” Cuco akamwambia.

Gari la wagonjwa lilikuja na kumchukua. Ndipo Cuco akajaribu kuinuka, na hakuweza. Lalo alimshika mkono mmoja, Délio mwingine, na mtu wa tatu nyuma. Mguu ulipojaribu kunyooka alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, mtu niliyemjua miaka yote ile. Walimbeba mpaka kwenye kiti. Délio alikuwa na zege hadi viwikoni, na alisimama pale akimtazama Cuco, mpaka Lalo akamwita kwamba kona inakauka.

Sakafu ilitoka vibaya, na hilo mfugaji anatukumbusha mpaka leo.

Jibu la rufaa lilikuja baada ya siku kumi na moja. Mdai, walisema, ameonekana kwenye picha akitembea hatua thelathini bila mkongojo na kupiga magoti yote mawili kwa hiari yake. Kilichofuata baada ya hapo hakihusiani na swali lililoulizwa. Operesheni imekataliwa. Na chini kabisa, kabla ya sahihi: kampuni inamshukuru mdai kwa moyo wake wa ubinadamu. Yule kijana wa kamera naye alituma kikapu cha matunda. Cuco alikula mapeasi, akatuachia machungwa.

Ijumaa ikafika na fomu yake. Cuco alikuwa kwenye kiti chake mahali fulani akitazama njia ya waenda kwa miguu ikikauka, sasa akiwa na magongo mawili. Nilishika kalamu. Je, mwajiri anayo kazi nyepesi? Nilikuwa na hasira, na sikuwa na mpango wowote wa kijanja, msinipe sifa hiyo. Nilikuwa nimechoka tu kusema uongo kwa herufi nzuri. Nikaweka alama kwenye Hapana. Pembeni nikaandika: hii kazi haipo, haijawahi kuwepo, niliibuni mimi. Nikatia sahihi na kuituma kabla Délio hajarudi, kisha nikampigia Cuco simu aende nyumbani alale.

Jumatatu simu ikalia. Alikuwa binti mmoja wa kampuni ya bima, sauti tamu, anaitwa Kaylee.

“Mama Lurdes, nadhani umekosea boksi.”

“Sijakosea.”

“Kwa sababu ukiweka hapo, inakuwa kwamba huyu bwana hana kazi ya kufanya.”

“Hana.”

“Sasa itabidi sisi tumlipe. Kila wiki, mpaka apone.”

“Basi mlipeni.”

Nilisikia akibonyeza vitu kwenye kompyuta yake. “Subiri kidogo. Hapa naona kuna ombi la operesheni limekataliwa mara mbili. Nani alilikataa? Huyu hawezi kukaa tu hivi nyumbani tukimlipa bila kikomo. Nitalipeleka juu leo hii, likaangaliwe upya.”

Délio alipojua alipiga kelele hadi mkate ukamtoka mdomoni. Toews alikuja bila donati, akapiga hesabu, akasema namba yetu itapanda hadi moja nukta sifuri nane. Kazi ya kumwaga sakafu za shule, ambayo Délio aliiwinda mwaka mzima, ikaenda kwa yule wa Los Banos mwenye misumari.

“Umeniua, shemeji,” Délio akaniambia. “Nilimlipa mshahara wake wote! Hakupungukiwa hata senti! Mwingine angemtupa nje. Nilimkosea nini?”

Jibu lilikuja lenyewe siku ya tisa baada ya simu ya Kaylee, kwa barua. Operesheni imekubaliwa. Siku tisa. Karatasi zile zile, goti lile lile, na daktari yule yule wa jimbo lingine, jina lake lipo chini, safari hii akisema ni ya lazima na ya haraka. Nilimsukumia Délio barua juu ya meza. Alisoma tarehe, akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. Kisha akaenda kwenye ubao, akaifuta ile namba kwa kiganja, na akabaki amesimama pale mgongo umenielekea.

Daktari wa upasuaji alipofungua goti alikuta hakuna cha kushona. Kipande kilichochanika mwezi wa tatu kilikuwa kimesagika chote. Wakaomba goti la bandia, na likakubaliwa kwa siku nne, maana Cuco alikuwa bado nyumbani analipwa. Goti hilo ni zuri sana. Unaweza kupanda nalo ngazi, unaweza kucheza nalo muziki polepole. Kupiga magoti juu yake kutwa nzima hairuhusiwi, daktari amesema, maisha yote.

Nilikwenda kumwona hospitali na supu. Aliniuliza walikubalije haraka vile baada ya kugoma miezi yote ile, na kwa kuwa ananiamini, nikamweleza yote: fomu ya Ijumaa, Ndiyo na Hapana, tulivyoogopa namba, na jinsi walivyoamka siku walipoanza kulipa wao badala yetu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya blanketi, ukipapasa kitambaa kwa kiganja, taratibu, kwenda na kurudi.

“Kwa hiyo ilikuwa boksi moja tu?” akauliza.

“Moja tu.”

“Toka mwezi wa tatu.”

“Toka mwezi wa tatu, kaka Cuco.”

Aliuliza kwa upole kabisa, kisha akaniambia supu ina chumvi ya kutosha. Heri angenitukana.